Choo cha Mgeni Rasmi

Kisima cha nyanya yangu kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Mishomoroni, lakini hakikuwa chake. Mtu akija kumwomba ruhusa ya kuteka, nyanya alimkatiza maneno. "Waniomba mie, kwani ni changu? Teka wende zako." Kilikuwa cha mwanawe wa kwanza, mjomba wangu ambaye sikumwona, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka tisa, kabla mama yangu hajazaliwa. Mtoto wa miaka tisa haachi nyuma mtoto wa kumwombea dua. Kwa hiyo nyanya aliuza vikuku vyake vya dhahabu, akaleta mchimbaji, na maji yalipotoka akakitoa kisima wakfu. Kila atakayekunywa, thawabu zimfikie mwanawe kaburini.

Asubuhi alikaa kwenye baraza la uani na ungo wake wa mchele, akisikiliza kapi la kamba ya kisima. Kapi lile lilishika kutu, likilia kila kamba inapovutwa, na mara nyingi tulitaka kulitia grisi. Alikataa katakata. Ndoo ilipopanda juu alisema kwa sauti ndogo, "Hiyo yako, mwanangu," kisha akaendelea kuchagua mchele. Nimekua nikiyasikia maneno hayo kama wengine walivyokua wakisikia redio.

Nyanya alikuwa na ulimi. Sisemi ulimi wa matusi, ingawa na hayo aliyaweza. Nasema ukimpa chai, alikuambia maji yake yametoka kisima gani: cha kwetu, cha msikitini, au cha kule bondeni ambacho maji yake aliyaita maji ya kuogeshea punda. Hakuwahi kukosea. Akina mama wa mtaa walimjaribu kwenye arusi na kwenye matanga, wakashindwa.

Nazungumzia miaka ya mwanzo ya tisini, vyama vingi viliporudi na kila baraza likapata mwenyekiti. Mabomba ya kwetu Kisauni yalikuwa yakitoa upepo. Ukifungua, unasikia mluzi tu. Watu walikuwa wakiongezeka, kila kiwanja kikaota nyumba ya vyumba sita, na kila nyumba ikachimba choo chake palipobaki nafasi. Habari zilipokuja kwamba upande wa Utange watu wanaharisha, bwana afya alitujia na baiskeli yake. Alikichungulia kisima, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kizuri," alisema. "Kifunikeni. Kitieni dawa hii. Na choo chochote kisikaribie, kikae hatua thelathini au zaidi. Mkipuuza, nitarudi kukiziba kwa saruji mimi mwenyewe."

Aliacha pakiti ya dawa ya maji juu ya baraza, akapanda baiskeli, akaenda. Nyanya aliitazama pakiti ile.

"Akikiziba," aliniuliza, "mwanangu atapata nini tena?"

Nilimwambia hakitazibwa, inshallah. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafundisha shule ya msingi, na niliamini kwamba watu wazima wakikaa pamoja kulinda kitu, kitu hicho hulindika. Ndipo tulipounda kamati.

Mwenyekiti alijipendekeza mwenyewe na akajiunga mkono. Alikuwa karani wa bandarini aliyestaafu. Kazi aliiacha, lakini ajenda hakuziacha. Nyumba yake ilitazamana na ua wetu, kisima kikiwa katikati, na alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Wajumbe wengine walikuwa wazee wa barazani kwake, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kusema "Tumeafiki." Mwishowe mtu alikumbuka kwamba wanaoteka maji ni wanawake, akaitwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akishona makuti kando ya barabara, aje kuwakilisha akina mama. Alipewa mkeka karibu na mlango, mahali ambapo ukikaa huonekani mpaka uinue mkono.

Mkutano wa kwanza tulijadili jina. Mkutano wa pili tulijadili jina hilohilo, kwa kuwa mjumbe mmoja alitaka neno "Mazingira" litangulie "Maji," na mwengine alisema maji yaliumbwa kabla. Mkutano wa tatu tulipitisha fulana, zenye picha ya samaki, ingawa samaki akionekana ndani ya kisima cha kunywa ni balaa. Mkutano wa nne tulipiga marufuku kufua kando ya kisima, jambo ambalo nyanya alikuwa amelipiga marufuku miaka thelathini kabla yetu kwa kutumia mwiko.

Mama wa makuti aliinua mkono. "Na ile dawa? Itatiwa lini?"

"Dawa itatiwa na mgeni rasmi," alisema mwenyekiti.

Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza habari za mgeni rasmi. Alikuwa mkubwa wa serikali, angekuja kukizindua kisima, na dawa ingekaa kabatini kwa mwenyekiti mpaka siku hiyo ili mgeni apate kitu cha kumimina mbele ya mpiga picha. Kisima kilikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Niliuliza tunazindua nini. Mwenyekiti aliniambia katibu haulizi, katibu anaandika. Nikaandika.

Mgeni aliahirisha mara tatu. Dawa ikagandamana ndani ya pakiti mpaka ukiigonga inalia. Wakati huohuo ilizuka hoja ya choo.

Nataka nieleze vizuri, maana msomaji atadhani tulikuwa wajinga, na hatukuwa wajinga. Tulikuwa waungwana, na nimekuja kuona kwamba hilo linaweza kuwa baya zaidi. Kwetu mgeni haulizi choo, anaonyeshwa. Choo cha mgeni hakiwi cha kukopa kwa jirani. Tena mtu hafuatwi na kopo la maji kutoka mbali huku watu wanamtazama, wote wakijua aendako. Maji yawe papo hapo, tele, ili ajitahirishe kwa raha. Kwa hiyo choo cha heshima hukaa karibu na maji. Wazee waliijenga hoja hii kwa hadithi za mababu, na wallahi ukiwasikiliza unaona kila kitu kimekaa mahali pake, isipokuwa kisima.

Mama wa makuti aliinua mkono tena, na mara hii hakungoja kupewa nafasi.

"Mino nawaambia, choo kichimbwe kule bondeni. Hili jiwe letu la chini lina matundu. Madzi hayajui mgeni wala mwenyeji, hutelemka tu."

"Bondeni ni mchanga," alisema mwenyekiti. "Mgeni atakuja na viatu vya ngozi."

"Tumeafiki," walisema wazee.

Nilikumbusha hatua thelathini za bwana afya. Mwenyekiti alisema bila shaka, sheria ni sheria, na akasimama kuzipima mwenyewe. Alianzia kwenye ukingo wa kisima. Alipofika hatua ya kumi alikuwa ameshafika mahali alipopataka, penye kigingi alichokikita tangu asubuhi, upande wa juu wa kisima, nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha. Hakusita. Alilizunguka banda la kuku akihesabu kwa sauti, akapita nyuma ya mnazi, akarudi kulizunguka banda tena, na kwa hatua ya thelathini mguu wake ukatua juu ya kigingi kilekile.

"Thelathini kamili," alisema, akihema. "Katibu."

Mama wa makuti alinitazama. Nami nikainamisha kichwa nikaandika: choo kitajengwa umbali wa hatua thelathini kutoka kisimani, zimepimwa na kuhakikishwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku ile. Nimejaribu miaka mingi kujitetea kwamba nilikuwa kijana, kwamba mwenyekiti ni mtu mzima na adabu zilinizuia. Adabu hazikunizuia. Niliogopa kuchekwa, basi.

Choo kilijengwa kwa mawe na kupakwa chokaa mpaka kikang'aa, kikatiwa mlango wa kijani wenye kufuli. Kisima chenyewe hakikuguswa, chokaa iliishia chooni. Mgeni alikuja hatimaye, akakaa robo saa. Alipewa maji ya kisimani katika gilasi ya heshima, akaiweka kando kwa ustaarabu, akanywa soda. Kisha ukafika wakati wa kukata utepe, na ikagundulika kwamba kisima hakina mahali pa kufunga utepe. Utepe wataka mlango. Mlango mzuri pale ulikuwa mmoja tu.

Picha ile naikumbuka mpaka leo. Mkubwa wa serikali ana mkasi mkononi, wazee wa kamati wamevaa fulana za samaki juu ya kanzu, nyuma yao choo, na juu ya choo kitambaa kimeandikwa TUNZA MAJI, MAJI NI UHAI. Choo chenyewe mgeni hakukitumia. Alisema ana haraka. Dawa ilisahaulika kabatini.

Kwa wiki mbili kufuli lilikaa mlangoni kumngoja mgeni mwengine. Kisha mwenyekiti akaanza kukifungua kwa ajili ya wajumbe, halafu kwa wageni wa arusi moja, halafu nikaona wapangaji wake wote wa vyumba vinne wana funguo. Hapo nikaelewa kigingi kilikitwa kwa sababu gani. Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe, nami nikasema kwamba mkutano ujao nitasema. Mkutano ujao tulijadili kupeleka barua ya shukrani kwa mgeni.

Ulimi wa nyanya ndio uliotangulia kujua. Ilikuwa baada ya mvua za masika. Alikunywa chai, akaitafuna kidogo kama kwamba ina mfupa, akaniuliza maji haya nimeyateka wapi. Nikamwambia hapahapa, nyanya. Akasema la, haya si ya mwanangu. Lakini aliendelea kunywa.

"Mie nikiyakataa," alisema, "nani atayanwa?"

Wiki iliyofuata mjukuu wa mama wa makuti, msichana wa miaka sita, alishikwa na kuharisha mpaka macho yakadidimia. Alilazwa hospitali siku nne na Mungu akamponya. Mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura. Wazee waliuliza mtoto alikula nini, wakaambiwa alikula embe. Basi, embe. Ajabu ni kwamba watoto wengine watatu waliokuwa wakiharisha hawakuwa wamekula embe, lakini hao hawakuwa kwenye ajenda. Niliambiwa niandike kwamba kamati imethibitisha maji ya kisima ni salama. Mkeka wa karibu na mlango ulikuwa mtupu siku hiyo, mwenyewe yuko hospitali na mjukuu wake. Nikaandika.

Mtoto aliporudi nilikwenda kumtazama, nimebeba machungwa. Mama wa makuti aliyapokea, hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Aliniambia kwamba kwao, wakikishuku choo, hukitia mafuta ya taa kisha hungoja. Kama choo na kisima vinazungumza, harufu itasema.

Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, nilichukua dumu zima la mafuta ya taa, nikaingia kwenye choo cha mgeni rasmi, nikalimimina lote. Kisha nikangoja. Jumamosi hakuna kitu. Jumapili hakuna kitu, nikaanza kufurahi, na nikajiona mjinga kwa kufurahi.

Jumatatu asubuhi nyanya alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Chai mumeipikia stovu leo?"

"La, nyanya. Makaa."

"Basi mbona yanuka mafuta ya taa?"

Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza yote: kigingi, banda la kuku, kikao cha embe, dumu la mafuta. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake.

"Hizo hatua thelathini, uliziandika wewe?"

"Abee, nyanya."

"Nawe wamuona akizunguka kuku."

"Nilimwona."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

Kapi lilikuwa linalia uani. Mtu alikuwa anateka. Nyanya aligeuza uso kule, na mara ya kwanza tangu nizaliwe, ndoo ilipanda juu naye hakusema kitu.

"Nakuuliza wewe uliyesoma," alisema baadaye. "Kila aliyekunwa, thawabu zilimfikia mwanangu. Sasa yule mtoto aliyelala hospitali naye alikunwa. Hilo nalo lamfikia?"

Nililia, na kilio changu hakikumsaidia mtu. Nyanya aliinuka akaingia jikoni, akatoka na kisu cha kukatia samaki. Alikwenda kisimani kwa mwendo wake wa taratibu, akamwomba radhi mama aliyekuwa akiteka, akamwaga ndoo zake zote mbili isipokuwa kata moja ya maji aliyoiweka juu ya ukingo. Kisha akaikata kamba. Ilimchukua muda, ilikuwa kamba ya nailoni na mikono yake imechoka, lakini hakukubali kusaidiwa. Kipande cha chini kilitumbukia kisimani.

Aliagiza kigoda chake, akakaa kando ya kisima. Mimi alinionyesha mchanga.

"Kaa hapo. Na daftari lako ulilete."

Mwanamke aliyesubiri zamu na dumu lake alisema maji ya bondeni ni mbali na yana chumvi, na kwamba Bi mkubwa hajawahi kumnyima mtu maji. Ni kweli, hakuwahi.

"Haya mabaya, mama. Nenda bondeni. Nisamehe."

Mwanamke alikwenda akinung'unika. Alipopotea nyuma ya nyumba, nikamsikia nyanya akisema kwa ile sauti ndogo, na mara hii akisitasita kama anayeuliza, "Hiyo yako, mwanangu."

Alikuja wa pili, akarudishwa. Hiyo yako, mwanangu. Akaja wa tatu. Mpaka adhuhuri sauti yake ilikuwa imekaa sawa, na mimi machozi yalikuwa yamekauka usoni.

Kisha akaja mwenyekiti, na birika lake mkononi, shavu moja limevimba.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, baba."

"Nimesikia kamba imekatwa. Hilo kamati haijalipitisha. Watu watadhani maji ni mabaya."

"Si mabaya?"

"Wallahi ni salama. Kamati imethibitisha. Muulize mjukuu wako, aliandika kwa mkono wake."

Nyanya aliichukua ile kata iliyokuwa juu ya ukingo, akaishika kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni, akamnyooshea.

"Basi kunwa."

Mwenyekiti aliyatazama maji. Harufu ilikuwa imemfika, niliona pua yake ikiipokea. Akatazama choo chake cheupe, akanitazama mimi, akarudi kwenye kata.

"Leo nimefunga," alisema, midomo yake ikiwa myekundu kwa tambuu.

Nyanya hakucheka. Aliyamwaga maji mchangani, akaikung'uta kata, akaiweka mapajani.

"Hiyo yako, mwanangu," alisema.

Kisha akanigeukia mimi.

"Andika."